Mikono Mitatu na Injini Isiyo na Pistoni

Akina mama wenzetu, sisi tuko Coventry, Uingereza. Tunajua kwamba kurasa hizi huzungumzia malezi, afya ya watoto, mapishi na ushonaji, na huenda mkajiuliza gari la michezo la mwaka 1983 limefuata nini humu. Letu ni Mazda RX-7, jekundu, la milango miwili, na limekaa katika gereji iliyoungana na nyumba yetu tangu mwaka 2006. Tunaandika sisi wawili, mke na mume. Kalamu ameishika mama. Baba amekaa kando yake, anasoma kila mstari, na jambo la kifundi lisipokuwa sawa hugonga meza kwa kidole. Kwa nini agonge badala ya kusema, mtaelewa huko mbele.

Tuseme kweli tangu mwanzo: gari la namna hii si rafiki wa kila ndoa. Wako akina mama hapa tulipo wanaoliita mke mwenza, na hawatanii. Linataka fedha, linataka Jumamosi nzima, na linarudisha mume mezani akiwa na kucha nyeusi. Sisi nasi tulijiwekea sheria mapema kwamba hakuna kifaa cha gari kitakachonunuliwa kabla ya kodi ya nyumba, ada na fedha za wazee nyumbani kwenda mahali pake. Kuna miaka gari lilikaa miezi tisa bila kuguswa kwa sababu ya sheria hiyo, na hakuna aliyekufa.

Baba alijifunza ufundi kwa mjomba wake Tanga, kwenye Peugeot 504, Land Rover na malori ya Bedford. Alipofika Uingereza alipata kazi ya kutengeneza mabasi. Siku moja alisikia kwamba mama mmoja mjane katika mji wa jirani anauza gari lililofunikwa turubai tangu mumewe afariki. Tulikwenda pamoja, tukalinunua kwa paundi 700, likavutwa hadi nyumbani. Mjane yule alitupa pia boksi la vipuri, mlango wa akiba, giaboksi ya pili, na daftari ambalo marehemu alikuwa akiandika kila lita ya oili aliyoongeza. Wakati ule tuliliona daftari hilo kama kichekesho. Baada ya mwezi mmoja tulianza kuliandika wenyewe.

Kisa hasa ni injini yake, maana haifanani na nyingine mnazozijua. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, kama mchi ndani ya kinu. Hii haina mchi wala kinu. Chukua sambusa iliyojazwa vizuri hata mbavu zake tatu zikatuna kidogo. Sasa fikiria sambusa hiyo ni ya chuma, nene kama sentimita saba, na inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga lenye mbegu mbili. Sambusa hiyo mafundi huiita rota. Ncha zake tatu haziachi kugusa ukuta wa chumba. Inapozunguka, nafasi kati ya kila ubavu na ukuta hupanuka na kubanwa kwa zamu: hapa inavuta hewa na petroli, pale inavibana, hapo plagi zinawasha moto, na mbele kidogo moshi unatoka. Mbavu zote tatu zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa kwenye hatua yake.

Injini yetu ina rota mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 1146 tu. Rota ikizunguka mara moja, shafti inayopita katikati huzunguka mara tatu. Hakuna valvu za kufunguka na kufunga, wala vyuma vizito vya kupanda na kushuka, kwa hiyo inazunguka laini kama cherehani ya mguu iliyopakwa mafuta vizuri. Ni laini kiasi kwamba Mazda waliweka kengele ndogo ya kumwonya dereva mzunguko unapofika karibu 7000 kwa dakika, maana sikio peke yake halimwambii kwamba amepita kiasi.

Aliyeibuni ni Mjerumani, Felix Wankel, na injini ya kwanza ya majaribio ilizunguka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mazda ya Hiroshima ilinunua haki ya kuitengeneza mwaka 1961. Kazi walikabidhiwa wahandisi 47 chini ya Kenichi Yamamoto, na jambo lililokaribia kuwashinda lilikuwa dogo sana. Vile vipande vya kuziba kwenye ncha za rota vilitetemeka na kukwaruza ukuta wa ndani, vikaacha mistari ambayo wahandisi wenyewe waliiita makucha ya shetani. Walijaribu kimoja baada ya kingine mpaka wakapata mchanganyiko wa kaboni na aluminiamu uliotulia, na gari lao la kwanza la rota, Cosmo Sport, likatoka mwaka 1967. RX-7 ilifuata mwaka 1978. Zilitengenezwa zaidi ya laki nane hadi mwaka 2002, na katikati ya safari hiyo, mwaka 1991, gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, la kwanza kutoka Japani kufanya hivyo. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua Mazda kwa pikapu za kubebea mkaa na ndizi. Hatukujua kwamba wana jambo hili upande wa pili.

Vipande vile vya kuziba tutaviita sili, kama mafundi wanavyoviita. Ukielewa sili, umeelewa matunzo yote ya gari hili. Kila ncha ya rota ina sili moja, kipande cha chuma chenye unene wa milimita tatu, na springi nyuma yake ya kukisukuma nje. Kwenye pembe kuna sili nyingine za duara kama vifungo vidogo vya shati, na ubavuni kuna sili nyembamba zilizopinda kama ukucha uliokatwa. Kwa rota mbili, hesabu ni sita za ncha, kumi na mbili za pembe na kumi na mbili za ubavuni. Zikiziba vizuri gari lina nguvu, na zikilegea au kukwama kwenye masizi, unabaki na chuma kizuri cha kutazama.

Ndiyo maana oili ni chakula cha kila siku. Injini hii hula oili kwa makusudi: kuna pampu ndogo inayodondosha oili kidogo kidogo ndani ya chumba cha moto ili ncha zisisugue zikiwa kavu. Mtu asiyejua huona oili inapungua, akadhani injini imekufa, au mbaya zaidi, hatazami kabisa. Sisi hutazama kijiti cha kupimia kila tunapojaza petroli mara mbili, na nyuma ya kiti hakukosi chupa ya lita moja. Petroli nayo inaliwa vizuri. Lita moja hutupeleka kilomita saba au nane, na mwenye mguu mzito hafiki hapo.

Jambo la pili ni kutolizima likiwa baridi. Ukiliwasha ili kulisogeza hatua tano tu ufagie, kisha ukalizima, petroli nyingi hubaki ndani, husafisha oili kwenye kuta, sili zinashindwa kuziba, na kesho yake haliwaki. Dawa yake tunaijua kwa moyo: tunakata umeme wa pampu ya petroli na wa koili, tunatoa plagi zote nne, tunaizungusha injini kwa stata ili petroli itapike nje, tunadondosha oili kijiko kimoja katika kila tundu, tunarudisha plagi kavu. Kwa hiyo tukiliwasha, tunaliwasha kweli. Linapashwa dakika tano au zaidi, kisha linakwenda barabarani, na likishapata joto linapaswa kukimbizwa kidogo ili masizi yatoke. Gari hili likibembelezwa mno linaugua.

La tatu ni joto, na hili ndilo lililotuingiza kwenye safari ndefu.

Kiini cha injini ya rota ni kama maandazi ya tabaka: bamba la chuma, chumba cha aluminiamu, bamba, chumba, bamba, vyote vitano vimebanwa pamoja kwa boliti ndefu zinazopita kutoka mwanzo hadi mwisho. Aluminiamu na chuma havitanuki sawasawa. Kati ya tabaka na tabaka kuna mipira myembamba inayozuia maji ya kupoza yasiingie kwenye moto. Injini ikichemka mara moja tu vibaya, mipira hiyo huungua. Julai 2018, kiangazi kikali hapa, tukiwa njiani kwenda harusini Bristol, mpira wa juu wa rejeta ulipasuka. Tulisimama kando mara moja, lakini sindano ilikuwa imeshapanda. Tangu siku hiyo kila asubuhi gari lilitoa moshi mweupe wenye harufu ya utamu, maji yalipungua bila kuvuja chini, na ukifungua mfuniko wa rejeta uliona mapovu. Novemba baba aliishusha injini, akaiweka juu ya benchi gerejini, akaifunika shuka kuukuu. Alisema ataifungua baada ya sikukuu.

Mwezi Februari 2019, siku ya Jumanne asubuhi, baba alianguka kazini. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wa uso ulilegea, mkono wa kulia ukaning'inia, na maneno yakatoka kama uji. Mfanyakazi mwenzake aliyaona hayo matatu na akaita gari la wagonjwa bila kusubiri kwanza apumzike. Tunaliandika hili kwa herufi nzito mioyoni mwenu, akina mama: uso, mkono, maneno. Ukiona hayo kwa mumeo au mama mkwe wako, usimpe maji wala usimlaze aone kama itapita. Mkimbize hospitali, maana kila dakika ina thamani.

Alilazwa wiki saba. Alituelewa vizuri tulipozungumza, lakini kusema hakuweza. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema alimwonyesha picha: kikombe, kiti, mbwa. Baba alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Majina ya watoto hayakuja, wala jina la mkewe wa miaka ishirini na miwili. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na minne wakati huo. Jumapili moja alikuja wodini na mfuko wa plastiki mfukoni mwa koti, ndani yake kipande cha chuma kilichochakaa kutoka boksi la yule mjane. Akamwekea baba yake mkononi, mkono wa kushoto. Baba alikigeuza, akakitazama, akasema, "Sili."

Ilikuwa neno la kwanza zima katika siku kumi na tisa. Kesho yake alisema "springi," keshokutwa "rota." Mtaalamu alituambia tulete vingine, vilivyosafishwa, na kwa muda kabati la pembeni ya kitanda likawa kama duka la vipuri. Jina la binti lilichukua siku kumi na moja zaidi. Alipolisikia alicheka kwa sauti, kisha akaenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Baada ya kurudi nyumbani ndipo mambo yalipokuwa magumu kweli. Mshahara wa baba ulipungua hadi ukakatika. Mama alikuwa akifanya kazi ya zamu za usiku kuhudumia wazee, akapunguza zamu ili amwogeshe, amvishe na kumpeleka mazoezini. Mtu mmoja alijitokeza akitoa paundi 3,500 kwa gari pamoja na injini yake ilivyo. Fedha hizo zilikuwa karibu kodi ya miezi mitano. Simu zikaanza kutoka nyumbani na kwa marafiki, na wote walisema lile lile: uzeni, mgonjwa ataling'ang'ania la nini? Walisema kwa upendo, na hesabu zao hazikuwa mbaya.

Tuliketi mezani sote wanne. Kijana wetu, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alisema tuuze. Alieleza vizuri, bila hasira, akaonyesha kwenye karatasi kodi, umeme na chakula. Binti alisema hapana, bila karatasi. Mama hakusema kitu. Baba alivuta ile karatasi, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa za mtoto wa chekechea: MWAKA MMOJA. Tukakubaliana hivyo, ila gari lile tu kile litakachozaa lenyewe. Tuliuza mlango wa akiba, giaboksi ya pili, magurudumu ya ziada na vikorokoro vingine, tukapata paundi 1,150. Hizo ndizo zilizokuwa mfuko wa gari. Tuliziweka kwenye kopo la majani ya chai, na hatukuongeza hata senti kutoka mfuko wa nyumba.

Hivyo ndivyo mama, ambaye maisha yake yote alikuwa ameshika tochi tu, alivyoshika spana. Baba ana mkono mmoja mzima na maneno machache. Mama ana mikono miwili na hajui kitu. Jumla mikono mitatu. Tulipangiana kazi hivi: baba anaonyesha kwa kidole, mama anafanya, baba anagonga benchi mara moja kama ni sawa, mara mbili kama si sawa. Mara tatu maana yake ni "acha kabisa, weka chini."

Kazi ya kwanza ilikuwa nati ya flaiwili. Akina mama, nati hiyo ina upana wa milimita 54, kubwa kuliko mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, na kiwandani hukazwa kwa nguvu ya ajabu na gundi juu yake. Tulifunga bomba la mita moja na nusu kwenye spana. Mama alining'inia juu ya bomba, kijana naye (yule aliyesema tuuze) akaning'inia, nati haikusogea hata unywele. Baba aligonga mara tatu. Akatafuta neno, tukasubiri. Kumsubiri mtu atafute neno ni kazi, wenye wagonjwa wa namna hii wanajua. Ulimi wako unawasha kumsaidia. Mwisho akasema, "Moto." Tulipasha nati kwa moto wa gesi mpaka gundi ikalainika, na mara ya pili ikaachia kwa kishindo, kijana akaanguka kitako.

Ndani tulikuta mpira wa maji wa chumba cha nyuma umeungua karibu na tundu la plagi, kama baba alivyotarajia. Kuta za vyumba zimepakwa kromu, na kromu ikibanduka hakuna msasa wa kuiponya; hununuliwa chumba kingine, na vya injini yetu ni adimu na ghali. Baba alipitisha ukucha wa mkono wa kushoto kote kote, taratibu, chumba cha kwanza, cha pili. Kwenye ukingo mmoja palikuwa na mmomonyoko mdogo. Alikaa kimya muda mrefu. Akagonga mara moja.

Seti ya sili na mipira mipya ilimeza zaidi ya nusu ya kopo. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono, na hapa mama aligundua kwamba miaka ya kushona haikupotea. Kila sili ya ubavuni lazima ipigwe tupa mpaka iache nafasi ndogo sana kwenye pembe, kati ya milimita 0.05 na 0.15. Ikibana itakwama, ikizidi itavuja. Zote kumi na mbili alizipiga tupa kwenye meza ya jikoni asubuhi baada ya zamu ya usiku, kidogo kidogo, akipima kwa vibamba vyembamba kila baada ya mikwaruzo miwili. Zilichukua wiki tatu. Tulizipanga kwenye trei za mayai na chuma cha kuokea keki ndogo, kila shimo na namba yake, maana sili iliyopigwa tupa kwa ajili ya nafasi yake haihamishwi. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyekula keki nyumba hii.

Springi na sili za pembe zilikuwa za baba, na kwa mkono wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi ya mkono alikuwa amempa maharage ya kuokota. Maharage yalimkera. Springi hazikumkera. Tulitandika shuka jeupe sakafuni ili zikianguka zionekane, na zilianguka mamia ya mara. Mwanzoni vidole havikuhisi hata kama vimeshika kitu. Kisha Machi 2020 nchi ikafungwa kwa ajili ya korona, mazoezi ya hospitali yakasimama, na baba akawa mtu wa kukaa ndani. Gereji ikawa hospitali yake. Mwezi Juni aliokota sili ya pembe kwa vidole viwili vya kulia, akaiweka kwenye tundu lake, akaibonyeza. Hakugonga. Alitutazama tu.

Kuunganisha kulihitaji vaselini, kopo lile lile tunalopaka watoto. Mipira ya maji hupakwa ili ikae kwenye mifereji yake, na sili hushikwa na vaselini zisianguke wakati tabaka la juu linashushwa. Tulishusha tabaka moja baada ya jingine injini ikiwa imesimama wima, mama na kijana wakibeba, binti akichungulia pembeni kwa tochi, baba akiwa na kidole chake hewani. Boliti tulizikaza kidogo kidogo kwa mzunguko, kama mtu anavyofunga mfuniko wa sufuria kubwa bila kuuinamisha upande mmoja.

Agosti 2020 tuliiwasha. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ilitoa moshi wa vaselini na oili, mwingi hata jirani akatoka nje na simu mkononi. Mara ya tatu ilishika. Kwanza ilitetemeka kama mtu mwenye homa, halafu ikatulia, na ile sauti ya cherehani ikarudi. Baba alisema sentensi nzima, ya kwanza ndefu tangu augue: "Usizime, iache ipate joto."

Tusiwadanganye kwamba gari lilimponya. Waliomtibu ni madaktari, wauguzi na wataalamu wa mazoezi, na kuna wagonjwa wenye bidii kuliko yeye ambao hawakurudishiwa kiasi hiki. Maneno yake bado ni ya kuhesabu, na akichoka hupotea kabisa; ndiyo sababu hugonga meza tunapoandika. Mkono wa kulia umerudi nusu. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuendesha tena, lakini gari dogo lisilo na klachi, lenye kipini maalumu kwenye usukani. Jekundu huendesha mama. Baba hukaa kushoto na kusikiliza injini, na hapo ndipo anapofanana zaidi na mtu tuliyemjua zamani. Maili elfu moja za kwanza hakumruhusu mama kuvuka mzunguko 4000, ili sili mpya zizoeane na kuta. Alikuwa akigonga dashibodi.

Tangu Aprili 2024 gari letu limehesabiwa kuwa la kihistoria, kwa kuwa limetimiza miaka arobaini na kitu, kwa hiyo halilipiwi kodi ya barabara, na sheria haitulazimishi tena kulipeleka ukaguzi wa kila mwaka. Sisi hulipeleka vile vile. Linabeba watu.

Kijana wetu bado anasema tungeuza. Huyasema hayo akiwa amelala chini ya gari na mashine ya kuchomelea, kwa kuwa adui wa sasa si joto, ni kutu. Hapa wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hula magari haya kwenye kingo za chini za milango na juu ya magurudumu ya nyuma. Wiki iliyopita bisibisi ilipenya ukingo wa gurudumu la kushoto kama inavyopenya muhogo uliooza. Baba ameshaandika orodha kwa mkono wa kulia, mistari imepinda lakini inasomeka: bati, rangi ya kuzuia kutu, miwani ya kuchomelea, oili lita moja. Kwenye kopo la chai kuna paundi 86, na Jumamosi tunaondoa bampa.